Ukienda Pemba, nenda na Kiswahili chako

Wageni wengi wanaoshuka Zanzibar huishia Unguja, na ukisoma vipeperushi vya utalii huwezi kuwalaumu. Pemba huelezwa humo kama Unguja iliyopungukiwa watu: mchanga mweupe, maji ya buluu, miti, kimya. Maelezo hayo yanakipunja kisiwa. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 Pemba, katika eneo lisilofika kilomita za mraba 1,000. Si mahali patupu panapomngoja mtalii aje kupajaza. Ni kisiwa cha wakulima na wavuvi, kila bonde lina mpunga wake na kila mlima una mikarafuu yake, na wenyewe wana shughuli zao tangu alfajiri.

Ninamwandikia msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Dodoma au Nairobi anayepanga likizo na kudhani utalii wa visiwani ni mambo ya wazungu. Pemba inakufaa wewe kuliko inavyomfaa aliyetoka Ulaya. Vibao vya maelezo ni vichache, vitabu vya kumwongoza mgeni ni vichache zaidi, na sehemu kubwa ya utajiri wa kisiwa iko midomoni mwa watu: nani alijenga ngome, kwa nini msitu huu haukatwi, siku gani ng'ombe wanachezwa. Asiyejua Kiswahili ataona mawe na miti, akapiga picha, akaondoka. Anayekijua ataketishwa barazani na kuhadithiwa.

Kiserikali Pemba ina mikoa miwili. Kaskazini kuna wilaya za Wete na Micheweni, kusini kuna Chake Chake na Mkoani. Kisiwa ni chembamba, urefu wake unakaribia kilomita 70, na mtu akianza asubuhi Mkoani anaweza kuwa Konde, ncha ya pili, kabla ya adhuhuri. Ramani haionyeshi vilima. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa, lakini Pemba barabara inapanda na kushuka muda wote. Unatoka kwenye kivuli cha miembe na mikarafuu, unateremka kwenye bonde la mpunga lililojaa maji, kisha unapanda tena. Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, na kwa mvua kinayoipata jina hilo bado kinalistahili.

Kati ya Pemba na pwani ya Tanga kuna mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita. Unguja iliwahi kuunganika na bara zama za barafu, bahari iliposhuka. Pemba ilikuwa imekwisha kujitenga muda mrefu kabla ya hapo. Ndiyo sababu ina ndege wasiopatikana pengine popote, ina mnazi-pori wake ambao wenyeji huuita mpapindi, na ina popo wake, nitakayemrudia.

Kufika si kazi. Ndege ndogo kutoka Unguja huchukua kama nusu saa hadi uwanja ulio karibu na mji wa Chake Chake, na zipo zinazotoka Dar es Salaam na Tanga. Meli kutoka Malindi, Unguja, huteremsha abiria Mkoani. Mwenye uwezo wa kuchagua, na asiyesumbuliwa sana na bahari, ninamshauri apande meli angalau mara moja. Humo ndimo utakapoanza kuijua Pemba: magunia, magodoro, akina mama na vyakula vyao, wanafunzi wanaorudi likizo, na mazungumzo yanayoanza bila kutambulishana. Lakini ukumbuke kwamba njia hiyo ina msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Hakuna kijiji Pemba ambacho hakikuguswa na msiba ule kwa namna moja au nyingine. Abiria mwenzako akinyamaza meli inapopita Nungwi, nawe nyamaza.

Sasa karafuu, kwa sababu usipoielewa karafuu hutaielewa Pemba. Mmea wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo, na uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Chini ya Sayyid Said ukaenea mashamba kwa mashamba. Mikarafuu ile ya mwanzo ilipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa, jambo ambalo mgeni anayevutiwa na harufu nzuri ni vyema alijue; utumwa Unguja na Pemba ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu. Hapo kwanza Unguja ndiyo iliyotangulia kwa karafuu. Kisha mwaka 1872 kikapita kimbunga kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar ni za Pemba, na mpaka leo hali ni hiyo.

Ukifika wakati wa msimu, ambao kwa kawaida huanza katikati ya mwaka na kusogea kuelekea mwisho wake, acha kila ulichopanga ukaitazame kazi yenyewe. Tumba za karafuu huchumwa zikianza kuiva rangi kabla hazijachanua, maana ikichanua thamani yake imepotea. Kwa hiyo mti mmoja hurudiwa tena na tena. Mkarafuu mkubwa hupita mita 10, na matawi yake ni dhaifu. Mchumaji hupanda na kamba, huyavuta matawi ya nje kuelekea kwake na kuyafunga, akachuma kwa mikono miwili huku miguu ikimshikilia. Kila msimu wapo wanaoanguka, wengine wakavunjika, wengine wakafa. Ninapoona karafuu katika pilau hufikiria jambo hilo, wala sioni kama ni kuzidisha.

Jioni kazi huhamia uani. Karafuu mbichi humwagwa jamvini, na watu wa nyumba, jirani na watoto huketi kuizunguka kuchambua: tumba huku, makonyo kule. Ni kazi ya vidole na ndimi. Anayechambua haraka huongea haraka, na habari zote za kijiji hupita hapo, za posa, za meli, za bei. Mgeni akitoa salamu akaketi na kunyoosha mkono achambue, hakuna atakayemzuia. Atafundishwa kuvunja kikonyo kwa kidole gumba, na vidole vyake vitanukia kwa siku kadhaa. Asubuhi karafuu huanikwa. Huhitaji siku tatu au nne za jua kali ili zikauke vizuri na kugeuka rangi ya kahawia iliyokoza. Wingu likitanda, utasikia ukelele, na mkubwa kwa mdogo hukimbilia majamvi kuyakunja. Hata mwenye duka huacha mizani yake.

Karafuu kavu mkulima huiuza kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambalo kisheria ndilo mnunuzi pekee. Magendo ya karafuu kuvushwa kwenda Kenya yana historia ndefu, na serikali huyafuatilia kwa ukali; mgeni asijaribu kununua gunia kichochoroni. Makonyo nayo hayatupwi. Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha shirika hilo kinachokamua mafuta ya makonyo kwa mvuke, pamoja na mafuta ya mchaichai na majani mengine. Wageni hupokewa na kuonyeshwa mitambo. Harufu yake utaipata kabla hujaliona geti.

Chake Chake ndio mji utakaokuwa kituo chako. Una soko, mabenki, nyumba za wageni za bei ya kawaida, na ngome ya kale iliyogeuzwa makumbusho ambayo haichukui zaidi ya saa moja kuizunguka. Usiharakishe kutoka. Kisiwa hiki kiliwalea washairi ambao kila mpenzi wa lugha yetu anapaswa kuwajua. Ali bin Said Jahadhmy aliyejulikana kwa jina la Kamange, na mwenzake Sarahani bin Matwar, waliishi Pemba karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakatunga na kujibizana. Tungo zao zilikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, zikahaririwa na Abdilatif Abdalla na kutoka kama kitabu mwaka 2011. Kitafute kabla hujasafiri. Ukikaa mahali pa kahawa jioni ukataja jina la Kamange mbele ya wazee, utaona nyuso zinavyobadilika, na maongezi yatakuwa ya namna nyingine kabisa.

Kahawa yenyewe ni chungu, na inataka halua. Halua ya Pemba ina sifa pwani nzima: wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, vinapikwa kwa kukorogwa mfululizo na mtu mwenye mabega, bila kuacha hata kidogo, mpaka itengane na sufuria na kuanza kuvutika. Asili yake ni ileile ya Oman, na familia nyingi za Pemba zina ndugu Muscat wanaotumiana halua kwenda na kurudi, kila upande ukidai yake ndiyo bora. Kwa chakula cha kushibisha, omba pweza, samaki wa kupaka, muhogo wa nazi. Matunda kula yaliyopo msimu huo. Shokishoki na doriani usizikose zikiwapo.

Kusini-mashariki ya Chake Chake, mwendo mfupi wa gari, kuna Pujini. Hapa palikuwa na ngome ya mtawala ambaye Wapemba humwita Mkama Ndume, na wataalamu wa mambo ya kale huiweka ngome hiyo karne ya 15. Ukipatazama kwa haraka utaona boma la udongo lililoporomoka, vichaka, na handaki. Mpate mzee wa kijiji akupeleke, umpe shikamoo yake na muda wake. Atakuonyesha mahali maji ya bahari yalipoingia kwa mfereji ili majahazi yafike hadi ukutani. Atakuonyesha chumba cha chini ya ardhi, ambamo watafiti walikuta sura ya siwa, baragumu la watawala, imechongwa katika lipu ya ukuta. Kisha atakupeleka kisimani. Mkama Ndume, kwa masimulizi, alikuwa na wake wawili wasioonana kwa wema, basi akajenga ukuta katikati ya kisima ili kila mmoja ateke maji upande wake bila kumwona mwenzake. Atakuhadithia pia jinsi alivyowatesa waliojenga, akiwalazimisha kusogeza mawe huku wamekaa kitako, wakijiburuza. Watafiti watachambua lipi ni historia na lipi ni ngano. Mimi ninachojua ni kwamba mateso hayo bado yanasimuliwa kwa uchungu, na mtawala aliyekufa karne tano zilizopita bado anahukumiwa na watu wa kijiji chake.

Mtambwe Mkuu, kando ya Wete, hakuna mengi ya kuona kwa macho. Patembelee hata hivyo. Mwaka 1984 hapo zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali. Zile za fedha ni ndogo, nyembamba, na zina majina ya watawala wa hapahapa pwani, kwa maandishi ya Kiarabu. Zilizikwa karne ya 11. Maana yake ni kwamba takriban miaka 1,000 iliyopita, mji uliokuwa kwenye mikoko hii ulikuwa na sarafu zake wenyewe na uliweza kununua na kuuza na Misri. Mtoto wa shule wa Tanzania anayefundishwa kuwa biashara ya pwani ililetwa na wageni angepaswa kuletwa hapa, asimame, aelezwe. Wapemba wengine watakukumbusha kwamba Mtambwe hiyohiyo ndiko alikozaliwa na kuzikwa mwanasiasa Maalim Seif Sharif Hamad, na mazungumzo ya siasa yakianza, sikiliza zaidi kuliko kusema. Kisiwa kimebeba mengi katika chaguzi zake.

Kutoka Wesha, bandari ndogo ya magharibi ya Chake Chake, chukua mashua asubuhi kwenda Misali, na mwambie nahodha apitie Ras Mkumbuu penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Misali ni kisiwa kidogo chenye msitu, ufuo, kasa wanaotaga, kaa wa nazi, na matumbawe ambayo huhitaji kuwa mzamiaji kuyaona. Miwani ya maji inatosha. Inasimuliwa kwamba Nabii Hidhr alitokea hapa mbele ya wavuvi, akaomba mkeka wa kuswalia, hawakuwa nao, naye akawaambia kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, akaswali juu ya mchanga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Misali ilipotengwa kuwa hifadhi, wahusika walifanya jambo la busara: waliwashirikisha masheikh, wakawaeleza wavuvi kwa Qurani kwamba mwanadamu ni khalifa juu ya ardhi na hana ruhusa ya kuiharibu. Mvuvi ambaye hakutishika na faini alitafakari aliposikia kwamba kuvua kwa baruti kunahusiana na akhera yake.

Busara ya namna hiyo utaiona pia Kisiwa Panza, kusini kabisa. Huko wavuvi wameafikiana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, pweza wasiguswe. Pweza hukua haraka mno, na siku ya kufungua, maji ya bamvua yakikupwa, wanakijiji huingia mwambani kwa miguu na mikuki, wanawake kwa wanaume, na kurudi na pweza ambao uzito wao ni mara kadhaa ya wale wa zamani. Ukibahatika kuwapo siku hiyo, huna haja ya kutafuta tamasha jingine. Pwani ya mashariki nako, maji yakikupwa, utawaona akina mama wakifunga mwani kambani. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, kwa migongo ya wanawake hao, na bei wanayolipwa hailingani na kazi.

Popo sasa. Popo wa Pemba ni mkubwa, mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu, ana uso mwekundu-kahawia kama wa mbweha, na anakula matunda. Hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa amebaki mchache wa kuhesabika, kwa sababu aliliwa na miti yake ikakatwa. Waliomwokoa ni wanavijiji waliokubali kuacha kumwinda na kumlinda. Leo wako maelfu. Kidike, njiani kati ya Chake Chake na Wete, kijiji kimejenga mahali pa kuwatazamia na ada unayolipa inabaki hapo. Nenda alasiri, watakapokuwa wananing'inia, wakigombana na kujipepea.

Mbali zaidi kaskazini kuna msitu wa Ngezi, mabaki ya msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa. Barabara inaupita katikati na joto linapungua ghafla. Usiku hulia humo bundi wa Pemba, na mlinzi wa msitu anaweza kumwita kwa kuiga sauti yake. Ukitoka upande wa pili unaangukia Vumawimbi, ufuo mrefu mweupe ambao mara nyingi utakuwa wako na wavuvi wachache tu. Ras Kigomasha, mwisho wa ardhi, pana mnara wa taa wa chuma uliosimikwa mwaka 1900. Kuna hoteli za kifahari huku, bei zake ni za dola. Nyumba za wageni za Konde na Wete zinatosha.

Vaa kwa heshima nje ya fukwe, mwanamume na mwanamke. Mwezi wa Ramadhani mchana usile hadharani. Beba fedha taslimu unapotoka mijini. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa wanawake walio kazini, na usipige picha makaburini. Pemba ina sifa ya uganga iliyovuka mipaka, na watu husafiri kutoka mbali kufuata tiba. Usilifanye hilo kuwa onyesho.

Jambo la mwisho lina wakati wake. Baada ya mavuno, miezi ya kaskazi, vijiji kadhaa vya Pemba hucheza ng'ombe. Wengi husema Wareno ndio waliouacha mchezo huo, walipokuwa huku karne ya 16 na 17. Fahali hufungwa kamba, hupigiwa ngoma na zumari, wanawake huimba, na vijana humkabili mmoja mmoja kwa kitambaa, wakimkwepa pembe kwa pembe. Ng'ombe hauawi, jioni anarudi zizini na jina lake linatajwa kwa sifa mwaka mzima. Tarehe haitangazwi gazetini wala hotelini. Uliza soko la Chake Chake, uliza kwenye daladala, uliza kwa muuza halua: wanacheza wapi wiki hii? Utatajiwa kijiji, na yupo atakayesema anakwenda huko mwenyewe. Fuatana naye. Fikeni mapema, msimame upande wenye miti, na wenyewe wakipiga kelele kwamba kamba imelegea, kimbia nao waendako.